Mikono ya Shangazi kwenye Ukuta wa Wasomi

Mwaka ule tulikula unga wa njano. Mtu wa rika langu huku Dodoma hatakutajia tarakimu, atakwambia tu "mwaka wa yanga", na mwenzake ataitikia kwa kichwa. Yalikuwa mahindi ya msaada, yametoka ng'ambo kwenye magunia yenye maandishi ambayo hatukuweza kuyasoma, na ugali wake ulinuka gunia hata ukipikwa na nani. Mtama ulikuwa umekauka ungali kimo cha goti. Tukasonga yanga, tukaula kwa mlenda uliokaushwa tangu mwaka wa nyuma, na aliyekuwa na karanga alizitia kwa kujificha jirani asimwone. Watoto waliharisha. Wakubwa waliusema ubaya ugali huo huku wanakata tonge jingine. Mpaka leo nikiletewa unga wenye rangi kidogo naurudisha dukani, na mwenye duka ameshanizoea, hanibishii tena.

Waliosoma huandika wakiwa wametulia. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo naandika nikiwa na hasira, na sina haja ya kungoja ipoe. Imekaa nami miaka yote hii haijapoa, itapoa leo kwa sababu gani? Habari za ukoo wangu nazipita, nani alizaliwa na nani hamtapata hapa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa shangazi yangu Sechelela pale Kikuyu, Dodoma mjini, kwa sababu mwezi uliopita watu wa Chama walisimamisha gari mbele ya nyumba yangu wakaniambia, wanacheka kwa furaha, kwamba picha ya shangazi yangu imekuzwa ikawa ndefu kuliko mlango na imewekwa ukutani kwenye jumba lao jipya. Walitaka nije nikae chini yake siku ya jubilei, nivishwe kitenge, watu wapige makofi.

Chama ninachosema ni Chama cha Wanazuoni. Sisi wa jikoni tulikiita Chama tu, kama vile hakuna kingine nchini. Habari zake nilizipata kwa kubeba masinia. Kilizaliwa pwani, wakati bendera ikiwa bado mpya, watu weusi walipoona kwamba chama cha wazungu cha kukusanya mifupa na vipepeo kinafungasha virago, wakasema nasi tuwe na chetu, tuwaweke pamoja wale wanaojua udongo, na wanaojua sheria, na wanaojua lugha, na wanaojua maradhi, wawe wanasomeana walichokiandika, wakosoane, wachape kitabu kila mwaka, na serikali ikikwama iwaulize. Mtu hakujiandikisha mwenyewe, alichaguliwa na wenzake kwa kura ya siri, na aliyekosa kura niliwahi kumwona analia bafuni kama mtoto. Serikali iliposema inahamia Dodoma, Chama nacho kikahama, kikapewa nyumba ya mawe pale Kikuyu yenye baraza refu. Sikatai, lilikuwa jambo zuri. Nchi inahitaji watu wa kukaa chini wakafikiri. Naudhika zaidi kwa sababu lilikuwa jambo zuri.

Sebule ya nyumba ile naiona hata nikifumba macho. Viti vya kijani vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma, meza ya mninga niliyoipaka mafuta kila Jumamosi, vitabu mpaka darini, na harufu ya sigara iliyokuwa imeingia hata kwenye mapazia. Jiko lilikuwa uani, la mkaa, lina bati bovu upande mmoja. Shangazi ndiye aliyekuwa mpishi. Kwenye meza ya mninga alipeleka wali, mbuzi wa kukaanga, maandazi ya iliki saa nne asubuhi. Uani tulikula yanga. Shangazi hakuwahi kuonja cha mezani zaidi ya ncha ya kijiko ya kupimia chumvi, na mimi nikinyoosha mkono alinipiga na mwiko. "Hicho ni chakula cha kazi," alisema, "chetu hiki hapa, kaa ule." Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi tii, anayetembea kama amebeba mtungi hata asipobeba. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Walimheshimu, au mimi nilidhani wanamheshimu.

Katibu wa Chama alikuwa Dokta Kilimba. Hakuwa dokta wa sindano, alikuwa wa kuchunguza watu wanavyoishi. Mtu wa pwani, mnene wa wastani, mcheshi, mwenye kushukuru kila sahani. Alikuja mpaka jikoni kusema, "Mama, leo umetuua." Shangazi alijibu, "Mbona bado unatembea, Dokta?" Akicheka, miwani inamteleza puani. Nilimpenda, sisemi uongo. Alinifundisha kusoma saa ya ukutani.

Mwaka ule serikali ilikuwa imewauliza kwa nini uwanda wetu huu unashikwa na njaa kila mara. Basi wiki nzima baraza halikuwa na habari nyingine. Mmoja alisema ni ng'ombe wengi mno. Mwingine akasema ni miti kukatwa. Bwana mmoja wa sheria, aliyekuwa na kucha ndefu ya kidole kidogo, akasema, "Huku hata mawingu ni mavivu, yanapita tu kwenda Iringa," wakacheka, na mimi nimesimama pale na birika, mtu wa huku, kama vile birika limekuja lenyewe. Dokta Kilimba hakucheka. Alisema, "Tatizo tunasema bila kuona. Mimi nataka nione." Siku hiyo nilimpenda zaidi.

Ndipo alipomsikia shangazi akiomba ruhusa kwenda Bahi kuhemea.

Kuhemea nako nieleze, maana ndiko walikokukanyaga. Mvua ya huku kwetu haina mpangilio. Inanyesha kwa jirani, inakuacha wewe. Kwa hiyo kila nyumba ina nyumba nyingine, mbali, ambako wewe huenda kwako kukikauka, na wao huja kwako, kwao kukikauka. Nyumba yetu ilikuwa na Bahi, kwa Mzee Ndahani, tangu kwa babu zetu. Bahi kuna kinamasi, mtama ukifa mpunga unaweza kupona. Unafika na kapu lako, unaliweka mlangoni limefunikwa, mdomo chini. Husemi njaa. Husemi chochote kuhusu chakula. Unasalimia, unapewa maji, unakaa. Kesho yake unaamka na wenyeji, unaingia nao shambani kama mtu wa nyumba, unavuna, unapura, unapepeta, mpaka siku mama wa nyumba, kwa mkono wake mwenyewe, atakapoligeuza kapu lako litazame juu. Hapo ndipo mwenyeji anachota nafaka kwenye kilindo, lile pipa la gome la mti, anakuwekea konzi ya kwanza viganjani. Unaipokea umepiga magoti, mikono miwili, imefunguka. Halafu unasimama unaimwaga konzi hiyohiyo ndani ya kilindo chake, iliko nafaka nyingine. Kwamba nyumba yako isipungue kwa ajili yangu, na ukikauka wewe, njia unaijua. Baada ya hapo ndipo kapu linajazwa, na hakuna anayetazama limejazwa kiasi gani. Anayetazama ni mshamba.

Dokta akasema atatupeleka kwa gari la Chama, ili aone. Shangazi alikubali. Alifurahi, hata kama hakuonyesha. Njiani alivaa kitenge chake cha kanisani na alikaa mbele, mgongo umenyooka, na tulipopita watu wanaotembea kwa miguu na makapu yao alipunga mkono kidogo tu, kama mke wa mkuu wa wilaya. Mimi nyuma nacheka kimoyomoyo.

Mzee Ndahani alikuwa kaketi nje ya tembe lake, anasuka kamba. Alikuwa mfupi, amekauka, mwenye maneno. Alipoona gari akatupa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi. Sechelela, siku hizi kapu lako linapanda gari. Nasi tutaliweka wapi gari likijaa?"

"Utalifunga kwenye zizi," shangazi akamjibu, "angalau wasichana wa Bahi wataona kitu kinachonona zizini kwako."

"Na huyu bwana mwenye miwani ni mkweo?"

"Ni mgeni wangu. Amekuja kuona watu wanavyofanya kazi. Kwao wanaona karatasi tu."

Wakacheka wote, Dokta naye. Alipewa kigoda cha heshima. Tulivuna kwa Ndahani mpaka mikono yangu ikachanikachanika na majani ya mpunga, Dokta akiwa anakwenda anarudi na gari lake, kuna siku yuko, kuna siku hayuko, anauliza majina ya vitu. Siku mke wa Ndahani alipoligeuza kapu, Dokta alikuwepo. Alisimama karibu na mlango na kamera yake. Shangazi alipiga magoti. Mzee Ndahani akachota, akaweka konzi ya kwanza, na mikono ya shangazi ikawa imefunguka pale, jua limeiangukia, na uso wake umeinuka kumtazama mzee. Kamera ikalia. Dokta akasema kwa sauti, "Nimeipata." Akageuka, akaenda kwenye gari, akafungua chupa ya chai. Chai aliyoipika shangazi. Alikuwa ametupa mgongo, anamimina kwenye kifuniko cha chupa, wakati shangazi aliposimama na kuirudisha ile konzi kwenye kilindo. Mimi niliona. Mke wa Ndahani aliona. Kuku waliona. Aliyekuja kuona hakuona.

Hata hapo sikuhisi ubaya. Nani angehisi? Tulirudi Kikuyu na mchele, na uani tukala wali siku mbili tatu tukajiona mabalozi.

Kisha ukaja mkutano mkuu wa mwaka. Wanachama walitoka kila pembe ya nchi, wengine na suti, wengine na mashati ya vitenge, wakajaa sebuleni mpaka barazani. Mchana mapazia yalifungwa, likatundikwa shuka jeupe ukutani, wakaleta mashine ya kumulika picha. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe nangoja ishara. Dokta Kilimba akasimama kusoma alichoandika. Mengi yalikuwa Kiingereza, nikawa naokota neno hapa neno pale. Halafu mikono ya shangazi ikatokea kwenye shuka, mikubwa, na uso wake juu, na Dokta akasoma kwa Kiswahili, ili wote waelewe vizuri, kwamba huyu ni mama wa Kigogo akiomba nafaka, na kwamba kuomba huku kwetu si aibu bali ni mila, mtoto huirithi kama jina, na ndiyo sababu njaa haiishi, kwa maana mwenye uhakika wa kupewa hana haraka ya kulima. Yule bwana wa kucha ndefu akasema, "Nilijua si mawingu peke yake." Kicheko kikapita chumbani. Mama mmoja wa mimea, mwenye mvi, akainama mbele akasema, "Mbona sura hii kama naijua?" Jirani yake akamwambia, "Wote wanafanana hao," na akachukua andazi.

Niliweka sinia chini, nikaenda uani nikamwambia shangazi. Nilimwambia kila neno. Afadhali ningeuma ulimi, lakini ndivyo nilivyofanya, na ningeulizwa leo ningemwambia tena. Alikuwa anachambua mchele. Alipepeta ungo mara nyingine, akautua, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda. Mimi nyuma yake. Alisimama kwenye mlango wa sebule, picha bado iko kwenye shuka, yeye mwenyewe amesimama chini ya yeye mwenyewe, na hapo wakamtambua.

"Dokta," alisema, "wakati unakunywa chai kwenye gari, ile konzi niliirudisha."

Dokta Kilimba akavua miwani. "Mama, hii ni lugha ya kitaalamu tu. Si wewe binafsi."

"Hiyo mikono si yangu?"

"Ni mfano, mama. Mfano wa jumla."

"Basi ungempiga mama yako picha, awe mfano."

Mwenyekiti, mzee wa suti ya kijivu, akagonga meza kwa kalamu, taratibu tu, bila ukali. "Tumekusikia, mama. Tutalizungumza baadaye kwa nafasi. Kwa sasa tunaomba chai." Watu wazima, wameshiba, wakaomba chai, na hakuna aliyewapiga picha.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba aliwapa. Alirudi jikoni, akamimina vikombe vyote, akanipa nipeleke, na kila kikombe kilikuwa na sukari yake sawasawa. Kesho yake alivua aproni akaitundika msumarini na hakurudi tena. Nilimuuliza kwa nini hakuwamwagia. Akasema, "Chai ilikuwa imeshaiva, Foibe." Nimekaa na jibu hilo nikiwa msichana, nikiwa mama, na sasa ni bibi, na bado sijaridhika nalo.

Kuna mambo mtu huyameza yakaisha. Hili halikuisha, kwa sababu wasomi hawasemi tu, wanachapa. Kitabu cha mwaka kikatoka, kikatumwa mashuleni, na mwalimu mmoja wa Bahi akakipata, akamkimbilia Mzee Ndahani kwa furaha kumwonyesha kwamba nyumba yake imeingia kwenye kitabu. Akamsomea. Mzee Ndahani alipanda treni akaja Kikuyu, nyumbani kwa shangazi. Alikuwa hajawahi kufika mjini kwetu bila kapu au bila mbuzi. Alikaa kwenye mkeka, shangazi akampa maji, mzee akayaweka kando ya mguu wake.

"Nimesomewa kwamba kwangu ulikuja kuomba," alisema. "Kama wewe uliomba, basi mimi nilikusaidia. Na mimi sijawahi kumsaidia mtu wa nyumba yenu. Baba yako amekula kwangu, mimi nimekula kwake. Sasa nimeonekana bwana mkubwa anayelisha maskini, na watoto wangu wameanza kuniuliza nyumba nyingine tunazozisaidia ni zipi. Niambie, Sechelela, nimekuwa nani?"

"Sikusema mimi, kaka."

"Lakini uliyemleta ni wewe. Ulimwita mgeni wako."

Na ilikuwa kweli. Mzee Ndahani alikaa kidogo, akauliza habari za watoto, akasimama. Maji aliyaacha yamejaa mpaka juu. Kwetu ukiacha maji hivyo huna haja ya kutukana. Mimi ndiye niliyeyamwaga, kwenye mchicha.

Hakwenda Bahi tena. Mwaka wa njaa uliofuata alikula majani na mizizi na ubuyu, mashavu yakaingia ndani, na nilipomwambia nitakwenda mimi alisema, "Utakwenda kama nani?" Na mwaka Bahi nako kulipokauka, tulisikia watu wa Ndahani wamepita na makapu yao kwenda kutafuta upande wa Iringa. Walipita njia ya kwetu. Walikuwa na mlango wetu mkononi, wakaupita. Shangazi alisimama uani siku ile amejitanda khanga, kilindo chake kina mtama, mtama mzuri, na hakuna wa kuwekewa konzi. Mimi nadhani ndiyo siku aliyokufa, hata kama tulimzika miaka mingi baadaye. Nyumba mbili zilizolishana tangu kabla ya reli zilikatwa na mtu mmoja mwenye kiu ya chai.

Na uongo wenyewe ulinenepa. Nenda mji wowote, sema wewe ni Mgogo, uone wanavyojipapasa mifuko wakicheka, kama umekuja kuwaomba. Wanadhani ni mzaha tu wa barabarani. Mzaha huo una kitabu. Mjukuu wangu Neema aliukuta chuoni, umenukuliwa na mtu aliyenukuu mtu aliyemnukuu Dokta Kilimba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga Bahi. Neema anajua udongo. Amesoma mpaka huko ambako vitabu vinaisha, na sasa wao wenyewe wamempigia kura awe mwanachama, wa kwanza kutoka nyumba yetu. Siku ya kumpokea ndiyo hiyo hiyo ya jubilei. Nimemlea mimi, kwa mlenda na fimbo, na nilipopata habari nilizunguka mtaa mzima nikiwaambia watu ambao hata hawakuuliza. Ndiyo maana hasira yangu safari hii ina maumivu.

Neema aliwaambia kwenye kamati yao. Aliwaeleza konzi ilivyopokelewa na ilivyorudishwa. Walimsikiliza vizuri sana, siku hizi wanajua kusikiliza. Wakabadilisha maneno yaliyo chini ya picha, wakaandika "Maisha ya Zamani", wakaona wamemaliza. Picha wakasema haiwezi kutolewa, ni urithi wa Chama, imepigwa vizuri mno, wageni wote wanaipenda.

Juzi Mwenyekiti wa sasa alikuja mwenyewe, na Neema pamoja naye. Si yule wa suti ya kijivu, huyo ameshatangulia, na Dokta Kilimba naye. Huyu ni kijana wa miaka hamsini, ana adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. "Shikamoo, Bibi." Nikamwitikia marahaba. Nikamwekea chai na viazi vitamu, akala vizuri. Akasema gari litakuja kunichukua, nitakaa kiti cha mbele, nitakuwa upande wa kulia wa mgeni rasmi, na mjukuu wangu atapokelewa mbele ya macho yangu, chini ya picha ya shangazi wa bibi yake, na kwamba kwa Chama hiyo itakuwa kama duara limefungwa.

Nikamwambia, "Siji. Siku mtakayoitoa ile picha ukutani, nitakuja kwa miguu yangu."

Akatazama kikombe. Neema akanishika goti, kama alivyofanya alipokuwa mdogo akitaka kitu. "Bibi, na mimi je?"

"Wewe nenda," nikamwambia. "Umeingia kwa kichwa chako, sio kwa mikono ya mtu. Vaa lile gauni la bluu. Ukifika mlangoni usiinue macho, na ukishakuwa mwenzao uwasumbue mpaka wachoke."

Machozi yakamlenga, akayafuta na upande wa kiganja. Mwenyekiti akakohoa kidogo. Akasema anaelewa maumivu yangu, lakini nifikirie heshima ya mtoto, nifikirie watu watakavyouliza bibi yake yuko wapi, nifikirie kwamba mimi ndiye shahidi wa mwisho niliye hai, na labda, kwa upole tu, aniulize kwa mara nyingine.

Nikamwongezea chai.

"Siji. Siku mtakayoitoa ile picha ukutani, nitakuja kwa miguu yangu."